Ubeti wa Pili Mmeupeleka Wapi?

Neno lenyewe ndilo linaloniudhi kwanza: zilipendwa. Mpe mwalimu wa sarufi alichambue, atakwambia ni kitenzi, wakati uliopita, kauli ya kutendwa, na mtenda hajatajwa. Zilipendwa na nani? Ziliacha kupendwa siku gani, na nani alitoa tangazo? Wakenya husema "zilizopendwa", na hapo angalau sikio linabaki linasubiri nomino yake: nyimbo zilizopendwa, kumbe tunazungumzia nyimbo. Sisi tumezitupa nyimbo tukabaki na kitenzi, na kitenzi hicho siku hizi ni jina la folda.

Hilo la folda si utani. Shuka Msimbazi, katiza kuelekea Mtaa wa Congo, pita katikati ya nguo na vyombo vya plastiki, utawakuta vijana wenye kompyuta na spika wanaoweka nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Mwambie mmoja wao unataka dansi la zamani. Hatakuuliza bendi gani wala mwimbaji gani. Atakuuliza, "Zilipendwa zipo kaka, GB ngapi?" Muziki wetu unapimwa kama dagaa. Fika nyumbani, chomeka flashi kwenye redio, utaona Zilipendwa 01, Zilipendwa 02, Zilipendwa 03, mpaka uchoke kushuka. Hakuna bendi, hakuna mtunzi, hakuna mwaka. Marijani Rajabu, mtoto wa Kariakoo hiyohiyo, aliyezaliwa mwaka 1955, humo ndani ni namba tu. Na kama hujui, miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1995, Marijani alikuwa akiuza kanda mbele ya nyumba yake, Kariakoo. Kanda angalau zilikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na majina.

Lakini kijana wa flashi simgusi. Yeye ni mchuuzi, anauza anachoulizwa. Ugomvi wangu ni na wapiga kopi: bendi za hoteli, wapiga kinanda wa baa, waimbaji wa wikiendi kuanzia Sinza mpaka Masaki, na wasanii wakubwa wa studio wanaochukua wimbo wa mtu, wakaupaka rangi, wakasema wanamuenzi. Na baada yao nina maneno kidogo na ninyi mnaosoma ukurasa huu.

Niweke jambo moja sawa mapema, maana najua nitasomwaje. Sisemi kukopi ni dhambi. Wazee wa baraza wanaosema "vijana watunge vyao, waache vya watu" wanasahau vyao vilitoka wapi. Salum Abdallah wa Morogoro alikua akisikiliza rekodi za Kyuba, zile za mfululizo wa GV zilizotolewa na HMV, zilizokuwa zikizunguka Afrika nzima kwenye gramafoni. Bendi yake ya kwanza aliiita La Paloma, jina la wimbo wa watu. Ya pili akaiita Cuban Marimba. Yaani jamaa aliliandika deni lake kwenye jina la bendi, kila mtu alisome mlangoni. Halafu akatunga Kiswahili juu ya mdundo ule, Kiswahili cha mtu wa Morogoro anayezungumza na shemeji zake, na leo hakuna anayemsikia akadhani ni Mkyuba. Taarabu nayo? Tuni za Misri, tuni za sinema za Kihindi. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina kubwa kwa kuimba Kiswahili kizito, chenye vina na mafumbo, juu ya tuni zilizozaliwa Bombay. Mwaka 1969 wakubwa walifika mpaka kupiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, wakiona vijana wanamuiga Mmarekani kupita kiasi. Hapohapo Dar, miaka ile ile, likazaliwa kundi la Sunburst, vijana waliolelewa na soul na roki, na mwaka 1976 wakatoa Ave Africa, albamu ambayo hakuna Mmarekani angeweza kuitoa. (Ilipofika 2016, lebo ya Strut ya London ndiyo iliyoirudisha sokoni. Sisi tulikuwa wapi, sijui, labda kwenye semina ya kuwaenzi wasanii.)

Kwa hiyo kukopi ndiko kulikotuzaa. Ninachokipinga ni kopi ya mtu ambaye hajausoma wimbo anaoukopi.

Mfano. Hoteli moja ya katikati ya jiji, jina lake halina faida hapa, Ijumaa usiku, bendi ya watu watano. Mwimbaji ana sauti nzuri, hilo lisibishaniwe. Akaanza na Hotel California ya Eagles. Aliimba yote. Beti zote, kwa mpangilio, hakuruka hata moja, na mwishoni wapiga gitaa wawili wakapokezana ile solo ndefu noti kwa noti kana kwamba kuna mtihani wa taifa. Makofi. Halafu akasema, "Sasa tunarudi nyumbani," akaanza Zuwena ya Marijani. Akaimba ubeti wa kwanza. Akaimba kiitikio. Nikasubiri. Akarudia ubeti wa kwanza. Kiitikio tena. Kisha akapunga mkono, ngoma zikapanda, na mpaka mwisho ikawa "mikono juu, Dar es Salaam mpo?" Tupo, bwana. Ubeti wa pili ndio haupo.

Hebu litazameni jambo hili vizuri. Mtu mmoja, usiku mmoja, koo moja. Wimbo wa watu wa California, ambao hakuna mtu ukumbini angejua kama ameruka mstari, ameuheshimu neno kwa neno. Wimbo wa mtu aliyezaliwa kilomita mbili kutoka pale aliposimama, kwa lugha anayoiota usiku, ameukata kichwa akaucheza kiwiliwili.

Na si yeye peke yake. Huo ndio utaratibu. Dansi letu la miaka ya 60, 70 na 80 lilijengwa kwa vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha hadithi: mwendo wa taratibu, magitaa yanazungumza chinichini, mwimbaji anakueleza kilichomsibu, ubeti baada ya ubeti, na wewe umekaa na bia yako unasikiliza. Chumba cha pili ni chemko, pale magitaa yanapopanda na watu wanasimama. Watunzi wale walijua watu wanataka kucheza, ndiyo maana walikuwekea sehemu ya kuchezea. Walichotaka ni upite kwanza kwenye hadithi, ili ukisimama usimame na kitu moyoni. Mpiga kopi wa leo anaruka ukuta anaingia chumba cha pili moja kwa moja. Halafu anaulizwa mbona nyimbo za zamani zinafanana, anajibu, "ndivyo zilivyo."

Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika, wale Watanzania na Wakenya waliokuwa wamejikita Nairobi mwishoni mwa miaka ya 70. Sidhani kama kuna wimbo unaokopiwa kuliko huo kutoka Dar mpaka Mombasa. Na kila ninapousikia unaimbwa kwa tabasamu, mwimbaji anawaita akina dada waje mbele, kama wimbo wa mahaba. Jamani, yule mtu anaogopa! Usikilize tena kama hadithi. Kuna mwanamume mwenye hasira mbele yake, tunamjua kwa majibu tu, sauti yake hatuisikii hata mara moja. Msimulizi anajitetea: mwanamke si wa huyo bwana, na yeye msimulizi ana wake nyumbani, sasa ugomvi wa nini? Utetezi gani huo? Mtu asiye na makosa anajitetea hivyo? Ukisoma riwaya yenye msimulizi wa namna hii utaandika kurasa tatu juu ya kama tumwamini au tusimwamini. Na muziki wenyewe unajua. Besi ya Tom Malanga inazunguka palepale kama mtu anayepimana na mwenzake, na Issa Juma anaimba bila kupandisha sauti, kama unavyozungumza na mtu mwenye panga. Kopi nzuri ya wimbo huu ingeweza kutisha. Ingeweza hata kuimbwa na mwanamke, yule anayebishaniwa na wanaume wawili bila kuulizwa. Hamna. Tunapata tabasamu na kinanda cha mdundo wa kubonyeza.

Malaika ni balaa zaidi. Umeshaenda harusi ngapi Dar? Ukumbi umepambwa, kamati imekusanya michango tangu mwezi wa tatu, keki ina ngorofa tano, maharusi wanaingia, na mpiga kinanda anapiga Malaika. Wimbo wa kijana anayempenda msichana na anashindwa kumwoa kwa sababu hana fedha! Unaimbwa kwenye shughuli iliyokula mamilioni, mbele ya bwana harusi aliyekwishalipa mahari na kulipia ukumbi. Na hakuna anayecheka. Siku moja nilimgusa jirani yangu mezani nikamwambia maana yake, akanitazama kama mtu aliyekuja kuharibu sherehe.

Malaika imefika huko kwa kukopiwa mpaka ikachakaa. Fadhili William wa Kenya aliirekodi Nairobi na Jambo Boys; Adam Salim, Mtanzania, akadai ni utunzi wake, na ubishi ule haujaisha mpaka leo. Wimbo wa Kiswahili unaojulikana duniani kuliko karibu zote, na hatukubaliani baba yake ni nani. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba kwenye albamu yao ya 1965. Boney M wakaugeuza disko mwaka 1981. Angelique Kidjo wa Benin akauchukua mwaka 1991. Kati ya hao, Makeba hakukulia kwenye Kiswahili, lakini msikilize: sauti yake inajua huu ni wimbo wa mtu aliyekosa. Boney M wanajua kila kitu kuhusu mdundo na hawajui kitu kingine chochote. Harusi zetu, kwa bahati mbaya, zimemfuata Boney M.

Sasa, kopi nzuri ni ipi? Sitaki kubaki mtu wa kulalamika tu. Ipo, na ninayoiweka juu ya zote ni ya bibi mmoja wa Unguja aliyefariki Aprili 2013.

Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Shaaban Robert akamwandikia kitabu kizima, Wasifu wa Siti binti Saad, kwa hiyo wasomaji wa hapa mnamjua. Bi Kidude alizipokea nyimbo za Siti kwa sikio akaziimba kwa miongo. Hakumuiga. Angetaka kumuiga asingeweza. Lile koo la moshi wa sigara halikuwa na uwezo wa kujifanya la mtu mwingine. Lakini sikiliza anachofanya na Kijiti. Wimbo ule ni habari ya mauaji. Mwanamke mgeni, ametoka bara, anatolewa kwenda ngomani na hatarudi; mtuhumiwa anatoroka, na mkono wa mahakama unawaangukia mashahidi. Mimi ni mwandishi wa habari, na nasema bila aibu kwamba Siti aliripoti kesi ile vizuri kuliko wengi wetu tunavyoripoti kesi leo: majina, mahali, hukumu, na hasira iliyofichwa ndani ya utulivu. Bi Kidude aliibeba habari yote. Akiwa na miaka zaidi ya themanini, mbele ya Wazungu wasioelewa neno, bado alikuwa anatoa ushahidi. Alibadilisha mwendo, alibadilisha ngoma, akaacha vinanda vya heshima akaleta ukali wa unyago. Kitu ambacho hakukitupa ni kesi.

Huko kwa wenzetu wa roki kuna hadithi ninayoipenda sana kwa sababu hiyohiyo. Leonard Cohen alitoa Hallelujah mwaka 1984, na haikwenda popote. Mwaka 1991 ikatengenezwa albamu ya kumuenzi, I'm Your Fan, wasanii mbalimbali wakachagua nyimbo zake. John Cale akaitaka Hallelujah, akamwomba Cohen maneno, na Cohen akamtumia kwa faksi kurasa kumi na tano za beti. Kumi na tano! Cale akakaa akazisoma, akachagua, akapanga upya, akaimba na piano tu. Jeff Buckley akaifuata kopi ya Cale, na dunia ikaifuata ya Buckley. Wimbo mzima tunaoujua leo umetokana na mtu mmoja aliyeomba beti ambazo hakuwa nazo. Albamu nyingi za kuenzi huko ni takataka, tusidanganyane. Ni nafasi ya makampuni kuuza kitu kilekile mara mbili. Lakini moja ikitoka na Cale ndani yake, imelipa gharama za zile nyingine mia.

Na vipi wakubwa wetu? Tuizungumze Salome, maana najua mnaisubiri. Saida Karoli wa Kagera alitoa Maria Salome mwaka 2001. Nilikuwa shule ya msingi. Nchi nzima iliimba Kihaya cha kubuni, kila mtaa na Kihaya chake, na tuliocheza hatukujua tunasema nini. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa Salome. Wazee wakasema wameiharibu, vijana wakasema wameifufua. Msimamo wangu hautawafurahisha wote wawili: kama sauti, ni kopi yenye akili. Ule wito wa Saida umebaki ndiyo mgongo wa wimbo, ngoma imevuliwa mpaka mifupa, na jina halikufichwa. Watoto waliokuwa hawajazaliwa 2001 walianza kuuliza huyu mama ni nani, na mwaka uliofuata Saida naye akarudi na Orugambo. Kama maneno, ni njaa tupu. Walikuwa na nafasi ambayo haijawahi kutokea, ya kuwaambia watu milioni kadhaa Saida alikuwa anasema nini miaka yote ile. Wakaichukua Salome wakamwacha na nyonga tu.

Nimekwishayasikia majibu. La kwanza: "Watu wanataka kucheza, hawataki hadithi." Nenda kawasikilize Msondo, waliozaliwa NUTA Jazz mwaka 1964, au Mlimani Park, Sikinde, walioanza 1978. Watunzi wengi wametangulia mbele ya haki. Muhidin Gurumo, aliyeziimbia bendi zote mbili, alistaafu 2013 na kutuacha mwaka uliofuata. Sehemu zao zinaimbwa na watu waliozikuta. Kwa maana hiyo nao ni wapiga kopi, wanakopi bendi yao wenyewe. Lakini wale walifundishwa mazoezini na wazee, mstari kwa mstari, ukikosea unarudishwa. Pale ubeti wa pili upo, na wa tatu, na watu wanacheza mpaka wanatunza noti zinabandikwa paji la uso. Kwa hiyo mteja anasingiziwa.

Jibu la pili nalichukua kwa uzito zaidi, kwa sababu nililitoa mwenyewe kinywani mwa mwimbaji yule wa Hotel California, wakati wa mapumziko. Hakukasirika. Alisema, "Kaka, wa Kizungu nautoa kwenye intaneti, maneno yote yapo. Wa Marijani nautoa wapi? Ninao kwenye flashi, rekodi inakwaruza, ubeti wa pili sisikii anasema nini."

Hapo ndipo zamu yenu inapofika, ndugu wasomaji.

Kidato cha tatu na cha nne tulisoma Malenga Wapya na Wasakatonge. Tulihesabu mizani, tulitafuta vina vya kati na vya mwisho, tuliandika dhamira kuu na dhamira ndogondogo mpaka kalamu zikaisha wino. Vyuo vikuu vyetu vina idara za fasihi, idara zina wanafunzi wa uzamili, kila mmoja anatafuta mada. Na katika jiji hili mashairi yanayosikilizwa na watu wengi kuliko diwani zote mkizijumlisha ni ya Marijani, Mbaraka Mwinshehe, Salum Abdallah, Shakila. Yako wapi kwenye maandishi? Radio Tanzania ilirekodi bendi zile kwa miaka mingi. Sauti zipo kwenye mikanda. Maneno yamebaki kwa watu wachache wanaojitolea kuyanakili kwa kusikiliza, wakiyaweka mtandaoni wikiendi, na kukosea hapa na pale kwa sababu hakuna wa kumuuliza. Mhariri gani wa mashairi amewahi kukaa na mkanda wa Safari Trippers au Dar International akaandika beti zote, akaweka tanbihi, akasema hapa rekodi mbili zinatofautiana? Kwa tenzi za karne ya kumi na nane tunafanya hivyo, tena tunagombana juu ya herufi moja. Kwa mtu aliyefariki 1995, ambaye wenzake aliopiga nao wengine bado tunapishana nao mtaani, tunasema zilipendwa.

Msiniambie hizo ni nyimbo, si fasihi. Siti alipewa kitabu na Shaaban Robert mwenyewe. Hoja ilikwishafungwa kabla baba zetu hawajaoa.

Na msidhani ni suala la mapenzi ya sanaa tu. Kuna fedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, na kwa mujibu wake baa au hoteli inayopiga muziki kibiashara inatakiwa kulipia, ili mtunzi au warithi wake wapate mirabaha. Vizuri. Lakini ili mirabaha imfikie mtu, lazima mahali fulani iandikwe kuwa usiku ule umepigwa wimbo fulani wa fulani. Nani anailipa Zilipendwa 37? Warithi wake ni akina nani? Kila jina linalofutika kwenye flashi, kwenye bango la hoteli, kwenye kinywa cha MC anayesema "sasa tunapata moja ya zamani", ni mlango unaofungwa kwa familia fulani ya Kariakoo, Tanga au Morogoro. Mwimbaji angesema tu, kabla hajaanza, "huu ni wa Marijani Rajabu na Dar International," ingemgharimu sekunde nne.

Katika miaka yangu ya kuandika habari za burudani nimepelekewa mialiko mingi ya matamasha ya "kuwaenzi magwiji". Hotuba mbili, mgeni rasmi, picha kubwa ya marehemu iliyovutwa mpaka nukta zinaonekana, halafu mpiga kinanda. Albamu yenyewe, ile ya kushika mkononi, wasanii kumi wamechagua nyimbo kumi za mtu mmoja na kila mmoja ameusoma wake mpaka mwisho, haijawahi kuletwa mezani kwangu.

Atakayetaka kuitengeneza, nampa pa kuanzia. Sheria ile iliweka ulinzi wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, kwa hiyo bado. Marijani bado sana. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965. Hesabu yake ilifika mwisho 2015. Tunzi zake, sisemi rekodi, nasema tunzi, hakuna anayehitaji kibali kuziimba. Mtafuteni mpiga solo mmoja mzuri, waimbaji kumi wenye kupenda kusoma, na mwanafunzi mmoja wa fasihi mwenye masikio. Kijitabu cha maneno kiwemo ndani, beti zote, na jina lake liwe kubwa kuliko yenu. Na mkiona vyema familia yake ipate chochote kwenye mauzo, hakuna sheria inayowakataza.